Uvimbe wa Mayofibroblasti Kwenye Pafu: Namna ya Kuutambua na Kuuondoa

Kijana wa Likoni au Kisauni, hapa Mombasa, anayekohoa damu hupimwa kifua kikuu kwanza, na ndivyo inavyopasa. Kosa huanza pale kipimo cha GeneXpert, kinachotafuta vijidudu vya kifua kikuu katika makohozi, kinaporudi bila vijidudu, kisha dawa za miezi 6 zikaanzishwa kwa sababu tu eksirei imeonyesha doa. Ikiwa doa ni moja, la mviringo, lenye mipaka dhahiri, na dawa hazilipunguzi, mtume mgonjwa akapigwe CT ya kifua, yaani picha za eksirei za tabaka kwa tabaka.

Doa hilo huweza kuwa uvimbe wa mayofibroblasti, yaani chembe zinazojenga kovu. Uvimbe huu, uliojaa pia chembe za kinga, ulielezwa kwenye pafu mwaka 1939, na kwa miaka mingi ukadhaniwa kuwa kovu la maambukizi. Leo unahesabiwa kuwa uvimbe halisi, ambao kwa kawaida hausambai mbali lakini huweza kurudi ulipokuwa. Ni nadra, haufiki asilimia 1 ya vimbe zote za pafu, ila huwapata zaidi watoto na vijana. Wengine hawana dalili yoyote. Wengine hukohoa, hupata homa, hukonda, na damu yao huonyesha upungufu wa hemoglobini pamoja na kasi kubwa ya kuzama kwa chembe nyekundu (ESR).

Ugumu mkubwa uko kwenye kipande cha nyama kinachochukuliwa kwenye uvimbe ili kipimwe. Sindano inayopitishwa ukutani mwa kifua, au bronkoskopi, yaani mrija wenye kamera unaopitishwa kwenye njia ya hewa, mara nyingi huchota chembe za kinga peke yake, na jibu likaja kwamba ni uchochezi tu, yaani mwitikio wa kinga ya mwili. Jibu hilo lisikutulize, kwa maana chembe kama hizo huzunguka pia saratani, ikiwemo limfoma, saratani ya chembe za kinga. Hata kipande kinachogandishwa na kusomwa papo hapo, mgonjwa akiwa bado kwenye meza ya upasuaji, huweza kupotosha. Kipande kitiwe katika fomalini, dawa ya kuhifadhi nyama isioze, ya asilimia 10, iliyo mara 10 ya ujazo wake, na mtaalamu wa patholojia aombwe kutafuta ALK, protini inayochochea chembe kukua, ambayo hupatikana kwa takriban nusu ya wagonjwa, na pia IgG4, aina ya kingamwili, ili ugonjwa wa IgG4 unaofanana na huu utenganishwe. Usianzishe steroidi, dawa za kutuliza uchochezi, kabla ya jibu: huficha limfoma na huchochea kifua kikuu kilicholala.

Upasuaji ndio tiba kuu, na mara nyingi ndio unaokamilisha utambuzi. Kabla ya kumlaza mgonjwa, pima nguvu ya mapafu na uandae damu. Uvimbe ulio ukingoni huondolewa kwa kukata kabari ya pafu pamoja na ukingo safi kuuzunguka. Ulio ndani zaidi huhitaji kuondoa sehemu nzima ya pafu, na kulitoa pafu lote kuwe njia ya mwisho, hasa kwa mtoto ambaye kifua chake bado kinakua. Lakini kubakiza uvimbe kwa kuhurumia pafu si huruma, kwa sababu masalio hayo ndiyo hurudi.

Familia nyingi hapa Mombasa huogopa kwamba uvimbe ukiguswa na kisu utaenea. Hofu hiyo isidharauliwe. Kaa na mama au mjomba anayeamua, mwonyeshe picha za CT, umweleze kwamba kwa uvimbe huu kuuondoa wote ndiko kunakompa mgonjwa nafasi bora ya kupona, na kwamba bomba litakalowekwa kifuani wakati wa upasuaji litakaa hadi hewa iache kuvuja na pafu lijae tena.

Uvimbe usioweza kukatwa wote, au uliorudi, usikatiwe tamaa. Ukiwa na ALK, ipo dawa ya kumeza, krizotinibu, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2022 kwa ugonjwa huu, kwa wagonjwa kuanzia umri wa mwaka 1. Aliyepona naye aendelee kupigwa CT kwa miaka kadhaa, kwani uvimbe uliorudi ukiwa mdogo huweza kukatwa tena.