Swichi ya kuchomeka tu: acha poti ijipange yenyewe
Ukiunganisha swichi ya mtandao ya kuchomeka tu, isiyo na mipangilio, na swichi inayosimamiwa, yaani ambayo poti zake unaweza kuzipangia, usiifunge poti ya hiyo inayosimamiwa kwenye Mbps 100 fuli dupleksi, yaani kutuma na kupokea kwa wakati mmoja. Iache ipatane yenyewe na swichi ya pili kuhusu kasi na dupleksi. Swichi ya kuchomeka isipopata jibu la mapatano hutambua kasi tu, kisha huangukia hafu dupleksi, yaani kutuma na kupokea kwa zamu. Taa zinawaka, ping (jaribio la mawasiliano) inajibu vizuri kabisa, lakini mzigo ukipanda PLC, kompyuta inayoendesha mitambo, inaanza kupoteza mawasiliano na vifaa vyake. Tazama kaunta za poti iliyofungwa: makosa ya CRC, yaani data iliyofika ikiwa imeharibika, yanapanda. Dawa hii haifai kwa kifaa cha zamani kilichofungwa fuli dupleksi chenyewe; hicho kichomeke moja kwa moja kwenye swichi inayosimamiwa, poti yake ifungwe vilevile.