Mambo ya kuzingatia kabla ya siku yako ya kliniki

Mwenye sukari, presha au selimundu (sickle cell) hukaa na ugonjwa wake usiku na mchana. Akifika kliniki, iwe hospitali ya Amana, Temeke au Mwananyamala jijini Dar es Salaam, anamkuta daktari ambaye benchi la nje limemjaa watu, na macho yake yapo kwenye namba aliyoandika muuguzi. Hata Marekani ni hayo hayo: mwaka 1984 watafiti Beckman na Frankel walirekodi mazungumzo ya madaktari na wagonjwa, wakakuta mgonjwa anakatwa kauli baada ya sekunde 18 kwa wastani. Si haki mgonjwa ndiye abebe kazi ya kusikilizwa, lakini foleni haitapungua kesho, kwa hiyo jiandae ukiwa bado nyumbani.

Anza na sentensi ya kwanza. Wengi wetu tunaanza na salamu ndefu, tunaingia kwenye historia, na lile lililotuleta tunalikumbuka tukiwa dirisha la dawa. Litangulize, na ulifunge na tarehe: "Dokta, tangu nibadilishiwe dawa ya presha mwezi wa nne, nina kikohozi kikavu, usiku ndiyo kinazidi." Tarehe hiyo ina uzito. Captopril na enalapril, ambazo ni dawa za presha, zinajulikana kuleta kikohozi cha namna hiyo kwa baadhi ya watu. Usipoitaja, kikohozi kitasingiziwa vumbi la mjini, utapewa antibayotiki, na kidonge kile kile utaandikiwa tena. Amlodipine, nayo ya presha, huweza kuvimbisha vifundo vya miguu, na metformin, ya sukari, ikitumika miaka mingi huweza kushusha vitamini B12 mpaka miguu ikafa ganzi, ganzi ambayo ni rahisi kuitupia sukari peke yake. Usijiachishe dawa kwa kusoma haya. Uliza kama kuna nyingine ya kubadilisha.

Kisha kuna suala la asubuhi yenyewe. Mtu anatoka Mbagala au Gongo la Mboto alfajiri, kaambiwa asile kwa sababu ya kipimo cha sukari, basi na kidonge cha presha anakiacha. Anasimama kwenye daladala njia nzima, anafika anapimwa papo hapo, namba iko juu. "Mama, wewe dawa hunywi?" Anaongezewa ya pili. Unapopangiwa tarehe ya kurudi kliniki, uliza dawa zipi unywe siku ya kufunga kula. Kwa kawaida za presha hunywewa na maji, za sukari husubiri chakula, ila jibu la kwako litoke kwao. Omba kukaa kama dakika tano kabla ya kupimwa, na kama hujanywa dawa, mwambie muuguzi kabla hajakufunga mkanda. Ukiwa na mashine nyumbani, beba daftari lenye tarehe, saa na namba. Mstari mmoja kwa siku unatosha.

Beba pakiti zenyewe za dawa. "Kile kidonge cheupe" hakimsaidii mtu. Tia humo na za kununua duka la dawa, na za miti shamba pia. Najua utakaripiwa. Bora ukaripiwe kuliko kuandikiwa kitu kinachogongana nazo.

Kwa wenye selimundu maandalizi ni ya kipekee, kwa sababu maumivu yao hayana mashine ya kuyapima. Presha inaweza kusoma sawa na homa isiwepo, na mtu yuko kwenye maumivu makali. Akifika mapokezi usiku akataja dawa ya maumivu inayomfaa, anatazamwa kama mpenda sindano. Ukiwa mzima, muombe daktari wa kliniki yako akuandikie karatasi moja yenye muhuri: aina ya ugonjwa, dawa ya maumivu inayokufaa na kipimo chake, na kiwango chako cha damu cha kawaida. Hicho cha mwisho ni muhimu mno. Wengi wenye selimundu huishi na hemoglobini kati ya 6 na 9, na daktari asiyekujua anaweza kukimbilia kukuongeza damu usiyoihitaji. Ipige picha karatasi hiyo, umtumie na ndugu unayekaa naye. Homa, kifua kubana au kupumua kwa shida usisubirie siku ya kliniki.

Ukisindikizwa, elewaneni kabla nani ataongea. Kijana anayejibu kila swali kwa niaba ya mama yake humfanya daktari amsahau mama, na mama kwa heshima atanyamaza.

Kabla hujainuka kwenye kiti, sema: "Naomba uandike kwenye faili kwamba nimelalamikia ganzi ya miguu." Mwezi ujao huenda ukamkuta daktari mwingine, naye atasoma kilichoandikwa tu. Kisha rudia maelekezo kwa maneno yako, akusahihishe.

Ukiona bado husikilizwi, una haki ya kuomba kuonwa na daktari mwingine. Ikishindikana, muone mganga mfawidhi, yaani mkuu wa hospitali hiyo, ukiwa na barua fupi yenye tarehe, namba ya faili na ulichokisema siku hiyo. Ubaki na nakala. Na kama unatumia bima, hakikisha utaratibu wa rufaa kabla hujahamia hospitali nyingine, usije ukarudishwa dirishani.