Jinsi ya Kupima Kama Mafuta ya Mimea Yanapunguza Utando wa Nta Katika Mafuta Ghafi

Mafuta ghafi ya Lokichar, kule Turkana, kaskazini mwa Kenya, yana nta nyingi, na yakipoa huwa mazito hata yakashindwa kutiririka. Ndiyo maana malori yaliyoanza kuyasafirisha hadi Mombasa mwaka 2018, yakipitia Kitale, Eldoret na Nakuru, yaliyabeba katika matangi yanayohifadhi joto. Kwa maabara ya chuo hapa Nakuru, ambako usiku huwa baridi, swali la kama mafuta ya mimea yanaweza kupunguza utando, yaani nta inayoganda kwenye kuta za bomba, linastahili kupimwa kwa makini.

Chagua kwanza mafuta yanayofaa. Ya alizeti yana asidi za mafuta ambazo minyororo yake imepinda, na upindaji huo unaweza kuvuruga fuwele za nta zinapojipanga. Ya nazi huganda yenyewe kwenye nyuzi 24 hivi, kwa hiyo sioni sababu ya kuanza nayo. Ya mbarika nayo hubaki majimaji penye baridi, lakini hayachanganyiki vizuri na mafuta ya petroli. Yoyote utakayoyachukua yawe yamechujwa na hayana maji.

Weka mafuta ghafi katika chupa iliyofungwa, uipashe ndani ya bafu la maji la umeme, chini ya kifaa cha kufyonza mvuke, mbali kabisa na moto, hadi nta yote iyeyuke. Hatua hii usiifupishe. Fuwele zilizobaki kutoka kupoa kwa awali hubadilisha jinsi nta itakavyoganda tena, na matokeo yote yatakayofuata yatakupotosha. Kisha gawanya mafuta hayo katika sampuli mbili: moja isiguswe, na nyingine, kwa kila mililita 100, itiwe mililita 0.1 ya mafuta ya mimea, yaani sehemu 1,000 kwa milioni, na ikorogwe ingali moto.

Tumbukiza katika kila sampuli bomba jembamba la chuma lililopimwa uzito, ambalo ndani yake maji baridi yanazunguka. Joto la mafuta, joto la maji, kasi ya kukoroga na muda lazima vilingane kwa sampuli zote mbili. Baada ya saa kadhaa litoe bomba, liache lichuruzike, ulipime tena. Ikiwa sampuli isiyotiwa kitu imeacha gramu 2.0 na iliyotiwa imeacha 1.5, utando umepungua kwa asilimia 25.

Ukwangue pia utando wenyewe kwa kisu butu, uone ni mgumu kiasi gani. Utando mchache lakini mgumu huweza kuwa shida kubwa bombani kuliko mwingi ulio laini, kwa kuwa ule laini umeshika mafuta mengi ndani yake na huondolewa kwa urahisi. Usipopata unafuu, rudia kwa sehemu 500 na 2,000 kwa milioni kabla ya kuyakataa mafuta hayo, na kila mara sampuli isiyotiwa kitu ipimwe upya siku hiyo hiyo.

Masalia yote yakusanywe katika mtungi uliofungwa na kuandikwa; yasimwagwe kwenye mtaro.