Kumtengeneza mhunzi wa kijiji katika Dungeons & Dragons 3.5

Mwendesha mchezo mmoja wa huu mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika kwa dadu aliniletea mhunzi wake nimkague. Kampa leveli (ngazi za uwezo) 8 za mpiganaji, eti asipokuwa nazo hawezi kufua upanga wa maana. Wachezaji walipobishana naye bei, akawacharaza wote barabarani. Nilivyomwelekeza ni hivi.

1. Klasi. Toleo la 3.5 lililotoka 2003 lina klasi (aina za kazi) tano za wahusika wa pembeni, yaani wale wasiochezwa na wachezaji: raia, askari, fundi, mwungwana na mganga. Mkulima ni raia, mlinzi wa lango ni askari, mhunzi ni fundi. Usizidishe hapo.

2. Sifa. Gawa 13, 12, 11, 10, 9, 8. Ile 13 iweke kwenye Akili, maana ufundi hupimwa kwa Akili, si kwa Nguvu. Wengi humjazia misuli bure.

3. Ujuzi. Hapa ndipo jioni nzima hupotea. Fundi hana orodha yake maalumu ya ujuzi. Unamchagulia ujuzi 10 wowote. Kama ni binadamu, pointi za kununulia ujuzi ni 6, ongeza 1 inayotokana na ile Akili ya 13 na 1 ya ubinadamu: 8. Leveli ya kwanza unazidisha mara 4, unapata 32. Leveli ya kwanza *peke yake*! Zinazofuata ni 8 tu kila moja. Ukiona fundi ana ujuzi wa kila kitu chini ya jua, ujue mtu kazidisha kila leveli.

Kwenye ujuzi mmoja huwezi kuweka pointi zaidi ya leveli yake ongeza 3, kwa hiyo leveli 1 mwisho ni 4. Sasa jumlisha ujuzi wake wa kufua silaha: pointi 4, Akili 1, kipaji cha kubobea 3, vifaa bora 2 (vinauzwa vipande 55 vya dhahabu, usisahau kumpa). Jumla 10. Akifanya kazi bila presha anahesabiwa kama karusha dadu ya pande 20 akapata 10, inakuwa 20, na silaha ya ubora wa juu inataka 20 hiyo hiyo. Mhunzi wa leveli 1 anatosha kabisa, na pointi zake za uhai ni chache tu.

Ila angalia: kufua silaha, kufua deraya na uhunzi wa majembe ni ujuzi tatu tofauti. Na kama ni askari mstaafu, leveli ya kwanza mpe ya fundi hata kama kisa chake kinaanzia jeshini. Ukianza na askari, zile 32 zinashuka hadi 16, na ufundi unamgharimu pointi maradufu.

4. Ugumu, yaani alivyo hatari kwa wachezaji wakipigana naye. Leveli toa 1. Wa leveli 1 ni nusu.

5. Kuandika. Kadi na penseli. Programu za kujaza fomu sizitaki kwa kazi hii, zinakudai mambo ambayo mhunzi hatayatumia kamwe. Andika jina, kufua silaha +10, pointi za uhai, bei ya kuanzia na bei ambayo hashuki tena.