Namna ya Kusoma Mchongo wa Gwaride la Ushindi: Tao la Titus mjini Roma

Gwaride la ushindi la Warumi lilimalizika kwa siku moja, lakini watawala walihakikisha kwamba linabaki kwenye mawe, na kwa hiyo anayetaka kuelewa jinsi mamlaka yalivyojionyesha hadharani zamani hana budi kujifunza kuyasoma mawe hayo. Mwongozo huu unatumia Tao la Titus, lililopo kwenye barabara ya Via Sacra karibu na Forum, uwanja mkuu wa Roma ya kale, kwa sababu tumebahatika kuwa na mchongo wa gwaride pamoja na maelezo marefu ya maandishi kuhusu gwaride hilohilo. Huhitaji kusafiri, picha safi zilizopigwa kwa karibu zinatosha.

Anza kwa kutenganisha tarehe. Yerusalemu ilitekwa mwaka 70 BK na jeshi lililoongozwa na Titus, aliyekuja kuwa mtawala wa Roma; gwaride la ushindi huo likafanyika Roma mwaka 71, naye Titus akafariki mwaka 81. Maandishi yaliyo juu ya tao yanamtaja kuwa mungu, heshima ambayo kwa desturi ya Roma alipewa mtawala baada ya kufa. Hivyo tao hili halikuwa tangazo la Titus mwenyewe. Lilimalizwa wakati wa mdogo wake, Domitianus, aliyekuwa na kila sababu ya kuwakumbusha watu kwamba anatoka katika ukoo wa washindi. Ukishalijua hilo, kila mchongo utauuliza: ni nani anayesema, na kwa faida ya nani?

Kabla ya kufasiri chochote, tenga pia jiwe la kale na jiwe la ukarabati. Katika Zama za Kati tao liliingizwa ndani ya ngome ya ukoo wa Frangipane, na katika miaka ya 1820 msanifu Giuseppe Valadier aliongeza sehemu zilizopotea kwa kutumia travatini, aina ya jiwe la chokaa, badala ya marumaru, kusudi mtazamaji asichanganye mpya na ya zamani. Uamuzi huo wa kiungwana umewaokoa wasomaji wengi na makosa.

Sasa ingia chini ya tao na utazame bila haraka. Ukutani upande wa kusini wanaume waliovaa mashada ya majani kichwani wamebeba mabegani kinara cha taa chenye matawi saba, pamoja na meza ya mikate ya wonyesho na tarumbeta, vyote kutoka Hekalu la Yerusalemu. Angalia jinsi vichwa vya walio mbele vilivyochongwa hadi vikakaribia kuachana na ukuta, huku walio nyuma wakiwa wamekwaruzwa kidogo tu. Kwa mbinu hiyo fundi ameupa umati kina. Upande wa kulia kuna lango lililochongwa kimshazari, na msafara unaelekea kulipita. Vibao vilivyoinuliwa juu ya vijiti ni vya aina iliyowatangazia watazamaji kilichokuwa kikipita mbele yao. Usidhani pia kwamba weupe unaouona ndio uliokusudiwa: mwaka 2012 watafiti walikuta mabaki ya rangi ya manjano kwenye kinara.

Ukuta wa kaskazini unahitaji tahadhari zaidi. Titus yuko ndani ya gari la farasi wanne, na nyuma yake Ushindi, mungu wa kike mwenye mabawa, anamvika taji. Miungu ikitembea pamoja na binadamu, fahamu kwamba fundi ameacha kueleza yaliyoonekana barabarani na anaeleza maana ambayo mwenye tao alitaka ikubalike.

Hatua inayofuata ndiyo yenye faida kuliko zote: linganisha mchongo na shahidi wa maandishi. Josephus, mwanahistoria Myahudi wa wakati huo, anaeleza kwamba Vespasianus, baba yake Titus, alitangulia katika gari lake, Titus akafuata, na Domitianus akapanda farasi kando yao. Kwenye jiwe yuko Titus peke yake. Josephus anataja mateka 700 waliochaguliwa kwa urefu na uzuri wa miili yao, na majukwaa ya kubebwa yenye ghorofa tatu hadi nne yaliyoonyesha matukio ya vita. Anasema pia kwamba msafara ulisimama penye hekalu la Jupiter, kilimani Kapitolio, ukingoja habari kwamba Simon bar Giora, kiongozi wa waasi, ameuawa, na baada ya umati kushangilia ndipo sadaka zikaanza kutolewa. Kuta zote mbili zimenyamaza kabisa kuhusu mauaji hayo. Andika orodha ya vilivyoachwa, kwani ni ushahidi sawa na vilivyowekwa.

Josephus naye apimwe. Alikuwa kamanda wa Wayahudi, akatekwa, kisha akaishi Roma kwa hisani ya ukoo uleule uliokuwa ukisherehekewa. Sifa zake kwa Titus zipokee kwa uangalifu. Maelezo yake ya mpangilio wa msafara, ambao maelfu ya wakazi wa Roma waliuona kwa macho yao, yana uzito mkubwa zaidi.

Kisha uliza kwa nini sherehe ilihitajika. Mwaka 69 Roma ilikuwa na watawala wanne waliopokezana kwa damu, na Vespasianus ndiye aliyebaki. Desturi haikuruhusu gwaride la ushindi dhidi ya raia wenzake, na Yudea ilikuwa tayari chini ya Roma, kwa hiyo vita vile vilikuwa kuzima uasi. Gwaride liliuvika uasi huo sura ya ushindi dhidi ya taifa la kigeni, na likaufunika ushindi wa vita vya wenyewe kwa wenyewe uliomweka Vespasianus madarakani.

Mwisho, kagua madai ya maandishi. Titus alikuwa na tao jingine penye Circus Maximus, uwanja wa mbio za magari ya farasi, ambalo maneno yake yamehifadhiwa kwa kunakiliwa katika Zama za Kati. Maneno hayo yanadai kwamba viongozi, wafalme na mataifa yote waliomtangulia ama waliishambulia Yerusalemu bila mafanikio au hawakuthubutu kabisa. Huo ni uongo: Pompeius, jemadari wa Roma hiyohiyo, aliuteka mji huo mwaka 63 KK.