Kwa nini mtoto huandika 305 akiambiwa thelathini na tano

Mwambie mtoto wa darasa la kwanza aandike thelathini na tano. Mara nyingi utapata 305. Masikio yake hayana kasoro: amesikia thelathini akaandika 30, akasikia tano akaongeza 5. Kuanzia 11 hadi 19 Kiswahili humsaidia, kwa kuwa kumi hutajwa waziwazi: kumi na tatu. Akifika ishirini, kumi hupotea ndani ya jina. Hakuna kitu katika neno thelathini kinachomwambia kwamba ni makumi matatu. Kuimba namba hadi mia hakutibu tatizo hili, na mtoto anayeimba vizuri ndiye hutudanganya zaidi.

Tafuta vijiti vya kufunga kumi kumi. Dodoma, baada ya mavuno, mabua ya mtama na uwele ni ya bure. Chukua sehemu ya juu yenye unene wa penseli, kwani ya chini ni nene na fungu la vijiti kumi halienei katika kiganja cha mtoto. Kata vipande vya sentimita 10, ila usivipasue: ganda lililopasuka hukata kama wembe. Vianike juani siku tatu kabla ya kuvitia kwenye kiroba, visije vikaliwa na wadudu. Kila watoto wawili wapate vijiti 50. Darasa la watoto 60 basi linahitaji 1,500. Kwa kufungia, kata tyubu kuukuu ya baiskeli iwe pete za upana wa sentimita 1. Mbegu za ubuyu na vizibo vya soda vinafaa kuhesabia tu. Havifungiki, na hapa kufunga ndilo somo lenyewe.

Mtoto ahesabu kumi na kufunga kwa mkono wake. Ukimpa mafungu yaliyokwisha kufungwa, ataliona kila fungu kama kitu kimoja, na mafungu matatu yatakuwa 3. Akisitasita, afungue ahesabu tena.

Chora mstari katikati ya kipande cha boksi: makumi kushoto, mamoja kulia. Kaa upande mmoja na mtoto. Ukimkalia mkabala, kushoto kwako ni kulia kwake, na 35 itageuka 53. Aweke mafungu matatu na vijiti vitano, aseme "makumi matatu na mamoja matano", kisha "thelathini na tano". Aseme yote mawili kila mara, kwa wiki mbili hivi, dakika 15 kwa siku. Mzazi anaweza kufanya hivyo jioni ugali ukisubiriwa.

Ndipo kadi ziingie. Andika 10, 20, 30 hadi 90 kwenye kadi za sentimita 12, na 1 hadi 9 kwenye kadi za sentimita 6, tarakimu zote zikiwa na ukubwa mmoja. Mtoto apandishe 5 juu ya sifuri ya 30: sifuri inafichika, inabaki 35. Hapo ataona mwenyewe 305 ilitoka wapi. Usisahau 40 na 50 zisizo na kijiti cha pembeni. Wengi huandika 4 tu, kwa sababu upande wa mamoja ni mtupu.

Sarafu tusizitumie kwa somo hili. Shilingi 100 ni kipande kimoja cha chuma, haifunguki ikawa shilingi moja moja.

Kutoa ndiko kunakowashinda wengi. Kwenye 42 − 17, mtoto hutazama 2 na 7, hutoa ndogo kwenye kubwa, na kuandika 35. Kumwambia "kopa" hakumsaidii, hajui anakopa nini kwa nani. Mwekee mafungu manne na vijiti viwili, umwombe vijiti saba. Vilivyo wazi havitoshi, kwa hiyo atalazimika kufungua fungu moja: sasa ana mafungu matatu na vijiti 12. Atoe saba, kisha fungu moja. Vilivyobaki mbele yake ni 25, na aandike kila hatua palepale, pete ya tyubu ikiwa bado mkononi.