Somo la video: namna ya kumzoesha kijana kusoma, si kutazama tu

Kijana aliyekua na simu mkononi hahitaji kufundishwa kupakua faili wala kujiunga na kipindi cha moja kwa moja. Tatizo lake ni jingine: amezoea skrini impe, naye apokee. Masomo ya mbali yasipowekewa utaratibu huyakomaza mazoea hayo. Yakiwekewa, humfundisha kujisimamia. Mlezi anaweza kuusimamia utaratibu huo hata kama hesabu zenyewe zilishampiga chenga.

Keti pembeni umwangalie anavyosoma sasa. Video inakwenda kwa kasi ya 1.5. Arifa inashuka juu ya kioo, kidole kinaifuata, anajibu, anarudi. Mwalimu ameshafika mstari wa nne wa mlinganyo. Harudishi nyuma. Mwishoni inatokea alama ya "imekamilika", naye anaamini amesoma.

Anza na kifaa. Kama anasomea simu, apakue video kwanza, kisha aweke hali ya ndegeni. Kuzima sauti ya arifa peke yake hakusaidii, kwa kuwa jicho bado linaziona. Kama anatumia kompyuta, simu ikae chumba kingine. Kasi ibaki ya kawaida kwenye hesabu na sayansi.

Video ya dakika 40 aigawe vipande vya dakika 8 hadi 10, akikata pale mada inapobadilika. Kabla ya kila kipande aandike daftarini swali moja analotarajia lijibiwe. Atazame bila kunakili maneno ya mwalimu, kwani anayenakili huwa hafikiri. Kipande kikiisha, afunike skrini na kuandika kwa penseli anachokumbuka, dakika 3 au 4 hivi. Hapo atalalamika kwamba hakumbuki kitu. Mwache ahangaike, maana kuhangaika huko ndiko kusoma kwenyewe. Kisha arudie sehemu alizokwama tu, ajaze mapengo kwa kalamu ya wino. Wino ukizidi penseli, kipande kilikuwa kirefu mno au somo limemtangulia.

Mwaka 2006 wanasaikolojia Roediger na Karpicke walilinganisha wanafunzi waliorudia kusoma maandishi na wale waliojipima kwa kuyakumbuka. Dakika 5 baadaye waliorudia kusoma walikuwa mbele. Baada ya wiki moja, waliojipima ndio walioongoza. Kwa hiyo kutazama video nzima upya usiku wa kuamkia mtihani humpa kijana matumaini tu. Afadhali ajipime kesho yake, tena baada ya siku 3, tena baada ya wiki, dakika 5 zinatosha kila mara.

Kwenye kipindi cha moja kwa moja, sauti ikikatika azime kamera. Sauti ya kilobiti 64 kwa sekunde hula takriban MB 29 za data kwa saa. Picha ya kamera ya megabiti 1 kwa sekunde hula MB 450. Kila baada ya dakika 20 atazame kitu kilicho umbali wa mita 6 kwa sekunde 20, macho yapumzike.

Kazi nyingi hupotea wakati wa kutuma. Picha 10 za daftari zenye MB 4 kila moja ni MB 40, na baadhi ya mifumo hukataa faili la ukubwa huo. Apige picha hizo kwa programu ya kuskani, atoe PDF moja, aipakie saa moja kabla ya muda kwisha, kisha aifungue palepale kwenye mfumo kuhakikisha kurasa zote zipo na hazijalala ubavu.

Linalochukua muda zaidi ni kumfundisha kuuliza. Amezoea kuandika "sielewi" na kungoja, na mwalimu hawezi kujibu neno hilo. Swali lake liwe na mambo matatu: dakika ya video au namba ya zoezi, alichojaribu, na mstari alipokwama. Kanuni hiyohiyo itumike kwa programu za akili mnemba: ajaribu kwanza kwenye karatasi, halafu aombe dokezo la hatua moja, si jibu. Ukitaka kujua kama aliruka hatua ya kujaribu mwenyewe, badilisha tarakimu za swali na umpe alifanye tena mbele yako bila kifaa.